Mtoto Abatizwe Lini? Kwanza Jueni Nani Atamfundisha

Katika nyumba nyingi za Njombe na Makambako, mtoto akishatimiza miezi michache swali huanza kuzunguka: anabatizwa lini, na wapi? Bibi mzaa baba, Mlutheri tangu kuzaliwa, hataki Jumapili ya ubatizo inayokuja impite. Mama wa mtoto anasali TAG, naye anasema mtoto akabarikiwe tu kwa sasa, atabatizwa akishajitambua. Shangazi Mkatoliki anauliza kama watu wanangoja mtoto augue ndipo wakumbuke. Ukienda kwa mchungaji, kwa padri au kwa mwinjilisti, kila mmoja ana mistari yake tayari, na mistari yote imo katika Biblia moja. Ubishi huo una karne nyingi na hautamalizwa na makala. Ninachotaka kushauri ni kwamba umri wa mtoto umepewa uzito usio wake. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: maji yakishakauka kichwani, nani atamfundisha huyu mtoto imani, wapi, na kwa miaka mingapi? Wazazi wenye jibu la swali hilo wanaweza kumbatiza mtoto mchanga bila wasiwasi. Wenye jibu hilohilo wanaweza pia kungoja bila kumnyima kitu. Wasio na jibu wamekwama kotekote, wabatize leo au wangoje miaka kumi na mitano.

Tuanze na Maandiko, kwa sababu ndiko kila upande unakokimbilia. Wanaobatiza watu wazima tu wana haki ya kusema kwamba Agano Jipya halimtaji waziwazi mtoto mchanga hata mmoja aliyebatizwa. Towashi wa Ethiopia aliyekutana na Filipo njiani alisikia kwanza, akaamini, ndipo akaomba maji. Watoto walioletwa kwa Yesu waliwekewa mikono, hawakuoshwa kwa maji. Hayo ni kweli, na Mlutheri au Mkatoliki mwaminifu hana sababu ya kuyaficha. Lakini upande wa pili nao una hoja isiyopuuzwa. Matendo ya Mitume yanasimulia juu ya Lidia na mlinzi wa gereza kule Filipi, ambao walibatizwa pamoja na watu wa nyumbani mwao, na Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba aliibatiza nyumba ya Stefana. Nyumba za zama zile zilikuwa kama miji yetu ya ukoo: baba, mama, watumwa, wazee na watoto. Siku ya Pentekoste Petro aliwaambia wasikilizaji kwamba ahadi ni yao na ya watoto wao. Na Abrahamu, ambaye aliamini kwanza ndipo akatahiriwa, aliagizwa kumtahiri Isaka siku ya nane, kabla mtoto hajajua hata kucheka. Ukisoma pande zote mbili kwa utulivu utaona jambo moja. Popote maji yalipoguswa palikuwa na mtu mzima anayeamini, aidha ndiye aliyebatizwa au ndiye mwenye nyumba. Hakuna mahali ambapo ubatizo ulikwenda peke yake, bila imani ya mtu anayewajibika.

Historia ya kanisa la Afrika inaliweka jambo hili wazi zaidi, na inasikitisha kwamba haifundishwi sana sharikani na parokiani. Karibu mwaka 200, Tertuliani wa Karthago, katika nchi ya Tunisia ya leo, aliandika kitabu kizima juu ya ubatizo, na humo akashauri watoto wacheleweshwe. Wapinzani wa ubatizo wa watoto humnukuu kwa furaha. Wanaoutetea nao hujibu kwamba mtu hashauri kuacha jambo ambalo halifanyiki, kwa hiyo watoto walikuwa wakibatizwa tayari. Wote wawili wanapita haraka mno, maana sababu mojawapo aliyoitoa Tertuliani ni ya kushangaza: aliwahofia wasimamizi. Wanaweza kufa kabla ya kutimiza walichoahidi, au mtoto anaweza kukua na tabia mbovu wakabaki na ahadi mikononi. Yaani katika hoja ya zamani kabisa tunayoijua dhidi ya kubatiza watoto, swali la nani atabeba ahadi limo tayari. Miaka hamsini hivi baadaye, katika mji huohuo, Askofu Sipriani na baraza la maaskofu wenzake waliulizwa kama mtoto asubiri siku ya nane, wakajibu kwamba hapana haja ya kungoja hata hizo. Kanisa moja na mji mmoja, na ndani ya kizazi kimoja au viwili mashauri mawili. Hakuna aliyemwita mwenzake mpagani.

Agostino, Mwafrika mwingine, alizaliwa mwaka 354 na mama Mkristo, Monika. Utotoni aliugua, akaomba ubatizo, alipopona ukaahirishwa. Alibatizwa Milano na Askofu Ambrosio wakati wa Pasaka ya mwaka 387, akiwa na miaka 32. Yeye mwenyewe baadaye alilalamika kwamba kucheleweshwa kule kulimwachia mlango wazi wa kufanya atakavyo ujanani. Wanaongoja wamsikie hapo. Lakini wanaobatiza mapema nao wasikie kilichomrudisha: mama ambaye hakuchoka kumfundisha, kumfuata na kumwombea. Kama Monika angembatiza Agostino akiwa na wiki mbili kisha akamwacha ajilee, sidhani kama leo tungemjua.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa mfuatano uleule wa Matendo ya Mitume. Wamisionari wa Berlin waliingia Unyakyusa mwaka 1891, na kabla karne haijaisha walikuwa wamefika Ubena. Kidugala, Yakobi, Ilembula na Lupembe ni majina ambayo hadi leo Mlutheri wa Njombe huyataja kwa heshima. Waliobatizwa kwanza walikuwa watu wazima, na hawakubatizwa upesi. Walikaa darasani muda mrefu, wakajifunza Amri, Imani na Sala ya Bwana, mienendo yao ikaangaliwa, ndipo wakaingia majini. Watoto wao ndio walioanza kubatizwa wachanga, kwa kuwa sasa nyumba zilikuwa na wa kufundisha. Wakatoliki na Waanglikana wa nyanda hizi walipitia njia hiyohiyo ya ukatekumeni kabla ya kuwa na majimbo na dayosisi zao zenye makao Njombe. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, waliobaki na sharika walikuwa walimu na wainjilisti wa hapahapa. Kwa hiyo Mpentekoste anayesema ubatizo wa mtu mzima ni jambo jipya lililoletwa kuwasahihisha babu zetu hajaisoma historia ya babu zetu. Naye Mlutheri anayeuona ubatizo wa mtu mzima kuwa kitu cha makanisa ya jana amesahau jinsi babu wa babu yake alivyobatizwa.

Na kwa kuwa tunazungumzia Njombe, hatuwezi kuyapita maji ya mwaka 1905. Wakati wa vita vya Maji Maji, misheni ya Yakobi ilishambuliwa na watu walioaminishwa kwamba maji waliyopewa yangezigeuza risasi kuwa maji. Inafaa kuikumbuka habari hiyo kwa sababu bado wapo wazazi Wakristo wanaoutaka ubatizo kwa nia hiyohiyo: mtoto alale usiku bila kushtuka, wachawi wasimguse, homa ikome. Hakuna kanisa linalofundisha hivyo. Ukiona ndugu zako wanakuharakisha kwa sababu za namna hiyo, huo si wakati wa kubishana juu ya umri. Ni wakati wa kumwita mzee wa kanisa au katekista aje akae nanyi jioni moja awafundishe watu wazima.

Kabla hatujaendelea, tuitoe njiani hoja ya maji mengi na maji machache, maana watu huichanganya na ya umri ilhali ni mambo mawili. Waorthodoksi huwazamisha watoto wachanga, mara tatu, mwili mzima. Nao watu wazima wengi wanaoingia Ukatoliki humwagiwa maji kichwani. Didake, mwongozo wa Wakristo wa mwanzo ambao wataalamu wengi huuweka kati ya mwisho wa karne ya kwanza na mwanzo wa ya pili, unapendelea maji yanayotiririka. Hayo yakikosekana, maji mengine. Ya baridi yakishindikana, ya moto. Na yote yakiwa haba, kumwagia kichwani mara tatu kunatosha. Utadhani mwandishi wake aliwahi kuamka Njombe mwezi wa Julai, umande umeganda juu ya majani ya viazi. Utaratibu wa Kikatoliki nao unataka maji yapashwe moto pale hali ya hewa inapodai. Kwa hiyo mzazi anayeomba maji ya uvuguvugu kwa ajili ya mtoto wa miezi miwili hajapungukiwa imani, na mchungaji anayezamisha watu mtoni mwezi huo anaweza kabisa kungoja Oktoba.

Sasa turudi kwenye shina la jambo. Kumbatiza mtoto mchanga ni kama kumdhamini mtu katika VICOBA: jina lililoandikwa ni lake, ila marejesho yasipokuja mnaofuatwa ni ninyi. Katika ibada ya ubatizo wa mtoto, maswali hayaulizwi mtoto. Wanaulizwa wazazi na wasimamizi: mnamkataa shetani? mnamwamini Mungu? mtamlea huyu katika imani hii? Watu hujibu kwa sauti kubwa, kisha wanatoka nje kupiga picha. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983, kanuni ya 868, zinataka kuwe na tumaini lenye msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani. Tumaini hilo likikosekana kabisa, ubatizo uahirishwe na wazazi waelezwe sababu. Angalia kwamba kanuni haisemi mtoto anyimwe, inasema aahirishiwe, na sababu ya kuahirisha ni nyumba wala si umri wake. Walutheri, ambao Ungamo lao la Augsburg la mwaka 1530 linatetea waziwazi kubatiza watoto, wameweka darasa la kipaimara kwa sababu hiyohiyo: kile kilichoahidiwa kwa niaba ya mtoto, afundishwe hadi akiseme mwenyewe.

Tuseme ukweli kwamba hapo ndipo makanisa yanayobatiza watoto yanapopigwa bao. Mpentekoste akisema kipaimara kimekuwa mahafali, yaani mtoto anavaa suti, anapokea zawadi, kisha haonekani tena hadi siku ya harusi, hana uongo. Tena katika mkoa wetu darasa lenyewe hukatika katikati. Msichana wa miaka kumi na mitatu anapelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, mvulana anaingia kwenye mashamba ya mbao au anapakia mizigo Makambako stendi, na daftari la kipaimara linabaki kwa bibi. Kwa mzazi aliyembatiza mtoto wake mchanga, ushauri wangu ni mgumu lakini ni wa wazi: uliahidi mbele ya madhabahu, basi usimruhusu mtoto aondoke nyumbani kabla darasa halijaisha. Ikilazimu aondoke, chukua barua ya utambulisho kutoka usharikani au parokiani, na mtu atakayempokea akubali kwa mdomo wake kwamba Jumapili atamwachia nafasi. Mwajiri asiyekubali hilo amekwisha kukuonyesha atakavyomtendea mtoto wako siku nyingine zote.

Kuhusu wasimamizi, huku Njombe uzito wao ni mkubwa kuliko mahali pengi. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2016 na 2017 uliukuta mkoa huu ukiongoza nchini kwa maambukizi, asilimia 11.4 ya watu wazima. Takwimu hiyo maana yake ni kwamba kuna watoto wengi waliobatizwa wakiwa na wazazi wawili na wakafika kipaimara wakiwa na bibi tu, au kaka. Hofu ya Tertuliani si habari ya Karthago peke yake. Lakini dawa yake si kuacha kubatiza, ni kuchagua msimamizi kana kwamba ndiye atakayebaki. Kwa Wakatoliki msimamizi awe ametimiza miaka 16 kwa kawaida, awe amepata kipaimara, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Hayo ni masharti ya chini tu. Tajiri wa mbao wa Makambako ambaye atatoa bahasha nono siku ya sherehe na hajui mtoto anasoma darasa la ngapi hafai, hata kama ni rafiki wa baba. Jirani mcha Mungu anayeishi nyumba tatu kutoka kwenu, anayemwona mtoto kila siku akichota maji, anafaa kuliko mjomba aliyeko Mwanza. Muulize mapema, ana kwa ana, si kwa simu usiku wa kuamkia ubatizo: tukiwa hatupo, utampeleka kanisani? Akisita, mshukuru, utafute mwingine.

Yapo malalamiko kwamba baadhi ya mahali mtoto wa mama asiyeolewa hubatizwa siku ya peke yake, pembeni, au hukawizwa mpaka mama "atengeneze" mambo yake. Kama swali ni nani atafundisha, basi utaratibu huo umekosea shabaha. Mama anayesali kila Jumapili akiwa na mtoto mgongoni ni tumaini lenye msingi kuliko ndoa iliyofungwa kwa mbwembwe ambayo haijarudi kanisani tangu hapo. Kwa Wakatoliki, ridhaa ya mzazi mmoja inatosha, na kanuni niliyoitaja haidai cheti cha ndoa. Mama huyo aende kwa padri au mchungaji akiwa na msimamizi wake na jibu lake juu ya malezi, aombe kwa heshima aelezwe sababu ikiwa anakataliwa. Nidhamu ya kanisa juu ya mzazi ni jambo la mzazi.

Kwa wenzetu wa TAG, EAGT, Wabaptisti, Wasabato na wengine wanaongoja, nisieleweke kwamba wamekwepa deni. Wanalo lilelile. Kumwombea mtoto baraka mbele ya kanisa ni ahadi, na nimewataja wazazi wanaobatiza na kusahau. Wapo pia wanaobariki na kusahau. Msemo "mwache akue achague mwenyewe" unasikika vizuri, ila mtu hachagui kitu ambacho hajawahi kuonyeshwa. Mtoto ambaye hajapelekwa shule ya Jumapili, hajasikia sala mezani, hajaona Biblia ikifunguliwa nyumbani, akifika miaka kumi na minane hatachagua kati ya imani na kutokuamini. Atafuata alichokizoea, nacho ni kutokwenda. Kama mmeamua kungoja, ngojeni kwa mpango. Zungumzeni na mchungaji mapema darasa la ubatizo huanza umri gani, mwambieni mtoto kwamba siku hiyo inakuja, na muda wote huo afundishwe kama mkatekumeni wa Kidugala wa zamani alivyofundishwa. Ubatizo wa namna hiyo una nguvu ambayo hata Mkatoliki anapaswa kuiheshimu.

Je, wanandoa wa madhehebu mawili wafanyeje? Desturi ya Kibena, kama ya makabila mengi, ni kwamba mtoto hufuata upande wa baba, na watu wengi huishia hapo. Desturi hiyo haina kosa pale baba mwenyewe anaposali. Pale anapokuwa Mlutheri wa Krismasi na Pasaka tu, huku mama ndiye anayewaosha watoto Jumapili asubuhi na kuwaongoza kanisani, kumpeleka mtoto kwenye usharika ambao hakuna atakayempeleka tena ni kuandika jina na kuliacha. Uzito apewe atakayefanya kazi. Hilo litawaudhi baadhi ya akina baba, nami sina namna ya kulilainisha zaidi, isipokuwa kuwakumbusha kwamba dawa iko mikononi mwao: waende kanisani. Mkatoliki anayeoana na asiye Mkatoliki hutakiwa kuahidi kwamba atafanya kila awezalo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mwenzake hujulishwa ahadi hiyo. Basi mambo haya yazungumzwe kabla ya mahari kukamilika, si mtoto akiwa ameshikwa na mashangazi wawili wanaovutana. Nafuu kubwa ni hii: ubatizo wa maji kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu uliofanywa na Walutheri unatambuliwa na Wakatoliki, na wa Wakatoliki unatambuliwa na Walutheri na Waanglikana. Mkikubaliana usharika mmoja leo, na baadaye familia ikahamia upande wa pili, mtoto hatabatizwa upya.

Hapo tunafika kwenye swali linalovunja nyumba kuliko yote: mtu mzima aliyebatizwa utotoni, akaokoka kwenye mkutano wa injili, sasa anaambiwa aingie kwenye maji mengi. Anayemwambia hivyo hasemi kwamba anarudia; kwake yeye, ule wa utotoni haukuwa ubatizo kwa kuwa hapakuwa na imani ya mbatizwaji. Msimamo huo una watu walioufia. Januari 1525 kule Zürich, Konrad Grebel alimbatiza Georg Blaurock, aliyekuwa amebatizwa utotoni kama wote. Miaka miwili baadaye mwenzao Felix Manz alizamishwa mtoni kwa amri ya serikali ya mji, ya Waprotestanti wenzake. Wakristo waliowaua watu kwa sababu ya ubatizo hawakujenga hoja, walijiaibisha. Kwa hiyo anayelichukua jambo hili kwa uzito asidharauliwe wala kuitwa mwasi kabla hajasikilizwa.

Hata hivyo nadhani amekosea, na sababu inatoka mlemle kwenye hoja ya mafundisho. Mtu huyu akisema "nilibatizwa bila kujua lolote, sasa ndipo nimeamini," anachokieleza ni deni lililochelewa kulipwa, na sasa limelipwa. Malipo yakifika, hati ya zamani haichanwi. Ukisema imani ya wakati wa maji ndiyo inayoufanya ubatizo kuwa halali, utajuaje kwamba imani ya leo ndiyo hasa? Wapo watu waliobatizwa mtoni wakiwa na miaka ishirini, wakaanguka, wakaokoka tena kwa mwinjilisti mwingine, wakaona ule wa kwanza ulikuwa wa mihemko. Wabatizwe mara ngapi? Husemwa kwamba Paulo aliwabatiza tena wanafunzi kule Efeso, lakini wale walikuwa wamepata ubatizo wa Yohana, hawakuwa wamebatizwa kwa jina la Yesu. Wengine husema aliyewabatiza alikuwa mlevi au mzinzi. Hoja hiyo ilijibiwa Afrika ya Kaskazini karne kumi na sita zilizopita, Agostino alipowaambia Wadonato, walioshikilia hoja ya namna hiyo, kwamba ubatizo ni wa Kristo, si mali ya anayemwaga maji. Kwa uaminifu niongeze kwamba Sipriani, yuleyule aliyetetea kubatiza vichanga, alitaka waliobatizwa na wazushi wabatizwe upya, na Roma ikampinga. Kanisa la magharibi lilifuata Roma, na mtaguso wa Arles wa mwaka 314 ukaagiza kwamba aliyekwisha kubatizwa kwa Utatu awekewe mikono tu. Mwaka 1982 kule Lima, Peru, wataalamu wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni walitoa tamko ambalo linaziheshimu desturi zote mbili, ya watoto na ya waaminio, na linasisitiza kwamba ubatizo ni tendo lisilorudiwa.

Kwa hiyo ukiwa umeokoka nawe ulibatizwa mtoto, liendee kanisa lako kwanza. Omba kurudia ahadi zako za ubatizo hadharani. Wakatoliki hufanya hivyo kila mkesha wa Pasaka, na mchungaji wa Kilutheri hatakosa namna ya kukupa nafasi ya kushuhudia mbele ya usharika. Jiunge na darasa, maana waliokuacha bila kukufundisha walikukosea, na maji mapya hayafundishi. Ikiwa baada ya hayo dhamiri yako bado inakusukuma, usiende usiku wala kwa siri. Mwambie mwenzi wako na mchungaji wako. Makanisa ya zamani hukihesabu kitendo hicho kuwa kuukana ubatizo wa kwanza, na matokeo yake huonekana kwenye meza ya Bwana, kwenye uzee wa kanisa na hata siku ya mazishi, watu wanapobishana msibani nani aongoze ibada. Ni bora gharama hiyo ijulikane na wote kabla.

Limebaki suala la mtoto anayekufa, ambalo akina bibi hulitumia kuwatisha wakwe zao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inawakabidhi watoto waliokufa bila ubatizo kwa huruma ya Mungu, na mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikani ilieleza kwa kirefu kwamba zipo sababu nzito za kuwatumainia wokovu. Walutheri hufundisha kwamba kinachohukumu ni kuudharau ubatizo, si kuukosa. Mama aliyempoteza mtoto asiongezewe mzigo. Kwa anayetaka mtoto wake abatizwe na hali imekuwa mbaya wodini usiku wa manane, ajue kwamba hahitaji kumngoja padri au mchungaji atoke mbali: kwa Wakatoliki na kwa Walutheri, Mkristo yeyote, awe muuguzi, bibi au mama mwenyewe, anaweza kummwagia mtoto maji kichwani akimtaja jina na kusema anambatiza kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mtoto akipona, kanisa lijulishwe lije limwombee na kumwandika, maji hayarudiwi.

Kuandikwa huko watu hukuchukulia wepesi, kisha hukumbuka wiki mbili kabla ya ndoa. Hakikisheni siku hiyohiyo kwamba jina, tarehe, wazazi na wasimamizi vimeingia kwenye daftari la usharika au parokia, na mkinunua keki msisahau kuchukua cheti. Sherehe isiwe sababu ya kuchelewesha. Gauni jeupe, ukumbi na mshereheshaji si sehemu ya ubatizo. Jina liwe moja kwenye cheti cha ubatizo, cheti cha kuzaliwa cha RITA na daftari la shule, kwa tahajia ileile, kwani kurekebisha baadaye ni kazi ya viapo na nauli. Jina la Kibena halikatazwi na kanisa lolote kati ya haya, mradi haliendi kinyume na imani. Cheti cha ubatizo hakichukui nafasi ya cha RITA, wala cha RITA hakimfai padri. Mkihama, kutoka Lupembe kwenda Makambako au kutoka Makambako kwenda Dar, daftari la asili linabaki palepale mtoto alipobatizwa. Andikeni mahali fulani nyumbani ni usharika gani, mtaa gani au kigango gani, na mwaka gani, ili yeye mwenyewe ajue pa kuuliza ninyi msipokuwepo.